Siku moja ya saisi na farasi mzee, Limuru, mwezi wa Julai

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Nje ni giza na manyunyu, yale ya Julai ya Limuru ambayo hayanyeshi sawasawa wala hayakatiki. Masika yaliondoka Mei kwa jina tu. Udongo haujakauka tangu hapo. Navaa soksi juu ya soksi, gambuti, na koti la mvua ambalo lilikuwa la mtu mwingine kabla halijawa langu, nashuka mabandani na tochi.

Nyumbani Vihiga nikisema mimi ni saisi, shemeji zangu wanadhani nashinda mgongoni mwa farasi nikipungia watu mkono. Ukweli ni kwamba kwa siku nzima nakaa kwenye tandiko labda dakika arobaini. Saa zilizobaki ni samadi, maji, nyasi, na kuangalia. Hasa kuangalia. Hiyo ndiyo kazi isiyoonekana, na ndiyo inayochosha.

Tuna farasi sita. Watano ni vijana, wanajitegemea. Wa banda la kwanza kushoto ndiye anayenitoa kitandani mapema. Kwenye mbio pale Ngong Racecourse alikuwa na jina refu la Kizungu. Sisi tunamwita Babu. Alikimbia, akastaafu, akawafundisha watoto wa Madam, mwenye farasi, kupanda, watoto wakaenda ng'ambo, yeye akabaki na mimi. Ana miaka 26, na farasi akipita 20 tayari ni mzee. Mtu akibisha namfunulia mdomo. Jino la mbele la juu, la pembeni kabisa, lina mfereji wa kahawia: hujitokeza kwenye ufizi farasi akiwa na miaka kama 10, hufika chini ya jino akiwa na 20, kisha huanza kufutika kutoka juu. Wa Babu nusu ya juu imeshafutika. Cheti cha kuzaliwa anatembea nacho mdomoni.

Sifungui mlango mara moja. Namulika, natazama. Ana maranda begani na mkiani, maana yake usiku alilala chini na akaweza kuinuka mwenyewe. Hilo ni jambo kubwa kwa farasi wa umri wake. Mavi yapo, mengi, yameshikana vizuri. Ndoo ya maji imepungua kidogo tu, na hiyo siipendi. Baridi ikizidi farasi mzee hanywi, maji yanamuuma meno. Asipokunywa tumbo linakauka, na tumbo la farasi likifunga unaweza kumzika jioni ileile. Namletea maji ya vuguvugu kutoka kwenye pipa la moto. Anakunywa nusu ndoo bila kupumua, ananipangusia mdomo kwenye koti.

Chini ya sanduku la nyasi naokota madonge. Ni nyasi alizotafuna, akashindwa, akazitema, ngumi moja moja. Magego yamekwisha. Kwa hiyo chakula chake halisi ni mchanganyiko: pumba za ngano, majani ya lusini yaliyokatwakatwa, mafuta ya alizeti kidogo, chumvi, vyote vimeloweshwa maji moto mpaka vikawa uji mzito. Ukimpa pumba kavu atakabwa. Anakula mara nne kwa siku, na mimi ndiye ninayepika mara nne. Mke wangu husema kama ningempikia yeye hivyo angenenepa.

Saa kumi na mbili mpaka saa mbili: mabanda sita, wilbaro, fokojembe, maranda mapya, maji, nyasi. Mwenzangu naye amefika, tunafanya bila kuongea.

Saa mbili na nusu ni miguu. Babu ana mguu mmoja mweupe, wa nyuma kulia, na chini ya manyoya meupe ngozi ni ya waridi na nyepesi. Ukiloa matope siku baada ya siku, ngozi inalainika, kijidudu kinaingia. Kwanza ni vigaga vidogo nyuma ya kifundo. Usipoviona mapema, mguu wote unavimba na farasi anachechemea. Daktari wa mifugo aliniambia kijidudu hicho kinaitwa Dermatophilus congolensis, kwa kuwa kilielezwa mara ya kwanza huko Kongo mwaka 1915. Nilifurahi kujua ni jirani yetu, lakini hakinipunguzii kazi.

Wageni wakija wanashangaa kwa nini sichukui mpira wa maji nikamwosha mguu matope yote yakatoka. Kila siku mguu umelowa, halafu niuloweshe tena? Naacha matope yakauke, nayapangusa kwa brashi laini, kisha napitisha kidole taratibu kwa kurudi kinyume cha manyoya. Leo kidole kimekutana na kigaga kimoja, kipya, kama punje ya mchele. Babu ameuvuta mguu. Nimekilainisha, nimekitoa, nimesafisha kwa dawa, nimekausha kwa taulo, nimepaka mafuta. Robo saa nzima nimechuchumaa nyuma ya mnyama wa kilo 450 kwa sababu ya punje moja. Kwato nazo nimezichokonoa na kunusa. Ndiyo, kunusa. Kwato ikianza kuoza unaijua kwa pua kabla ya macho.

Saa tatu na nusu tunatoka. Hapa ndipo watu wanaponilaumu: "Mzee huyo, si umwache apumzike?" Akisimama bandani siku mbili miguu yake inajaa maji, magoti yanakakamaa, na siku ya tatu hata kugeuka ni shida. Daktari alisema kila siku atembezwe, asikimbizwe, asibebeshwe mzito. Ndiyo maana nampanda mimi, mwembamba, na si yule rafiki wa Madam wa kilo mia na ushei anayetaka picha.

Dakika kumi na tano za kwanza ni kutembea tu, kigwe kimelegea, kichwa akipeleke anakotaka. Mwanzoni hatua zake ni fupi, mguu wa mbele kushoto unafika chini kwa kusitasita. Simhimizi. Tunafuata njia ya murram kando ya mashamba ya chai, kwa sababu udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, na matope ya kina yanavuta kiatu cha farasi kikatoka na misumari yake. Wachumaji chai wanasimama na vikapu mgongoni, watoto wanapiga kelele, "Saisi, tupe lifti!" Mwenye bodaboda anapunguza mwendo kuuliza swali ninaloulizwa kila wiki: huyu anauzwa pesa ngapi?

Tukifika pale njia inapopanda kidogo, masikio yanasimama. Naikaza miguu kidogo tu, naye anaingia kwenye telki, ule mwendo wa mbio ndogo, mwepesi, mgongo umeamka, ule mguu wa kushoto umesahau habari zake. Ni mita mia mbili hivi. Kila mara anajaribu kuomba shoti, mbio kamili, na kila mara namkatalia, na kila mara ananuna. Sijui kitu kingine kwenye kazi hii kinachonipa raha kama huko kununa kwake.

Saa tano kasoro tumerudi, nimemfuta jasho, nimemvika blanketi kavu, chakula cha pili kimo kwenye ndoo. Siku ingeishia hapo ingekuwa siku nzuri.

Saa tano lori la nyasi likafika.

Lilitakiwa lifike juzi. Marobota 80, shilingi 300 moja. Muuzaji mwenyewe amekuja nalo, mzee wa koti la ngozi, na kabla gari halijazimwa ameshamwamuru utingo aanze kutupa chini. "Kijana wangu, fungua stoo haraka, mvua hii." Nina mvi, lakini sawa, ni kijana wake.

"Subiri kidogo, mzee. Nitazame kwanza."

La juu lilikuwa safi, la kijani, linanukia vizuri. La juu huwa safi siku zote. Nikapanda nikavuta la chini, karibu na sakafu ya lori. Robota kavu nalinyanyua kwa mkono mmoja. Hili lilinivuta bega. Nikaingiza mkono katikati ya tabaka mpaka kifundo. Moto. Asubuhi ya Limuru, pumzi inatoka mvuke, na ndani ya nyasi kuna joto kama la mwili. Nyasi zilifungwa mbichi, zinachacha. Nikakata kamba, nikazipasua, likatoka vumbi la kijivu nikakohoa mwenyewe.

"Hilo ni vumbi la barabara," mzee akasema.

"Vumbi la barabara limeingiaje katikati ya robota?"

Akacheka, akageuza: "Ng'ombe wa watu huko Githunguri wanakula hizihizi, na maziwa yanatoka."

Nikamweleza, nikiwa bado na adabu. Hata ng'ombe uvundo haumfai, ila yeye ana tumbo kubwa la kuchachushia kabla chakula hakijapita mbele. Farasi hana. Farasi hata kutapika hawezi. Kilichoingia kimeingia, na dawa yake ni kuzungushwa usiku kucha mkiomba Mungu. Na lile vumbi linamwingia mapafuni. Babu tayari ana kikohozi. Hata nyasi nzuri namloweshea.

"Yupi huyo Babu?" Nikamwonyesha. Akamtazama mgongo ulivyoingia, mashimo juu ya macho, lile manyoya refu lisilokubali kupukutika. "Huyo? Si mumpige risasi tu, mnunue mwingine?"

Sikumjibu. Yapo maneno ambayo ukiyajibu unakosa kazi. Nikampigia Madam. Mtandao ukakata, nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya stoo, ukashika. Akasema, "Chukua nzuri, rudisha mbaya." Kwa simu ni maneno manne. Kwa mikono ni kushusha moja, kulipima uzito, kuingiza mkono, kunusa, kuamua, stoo au rudi, huku turubai limefunuliwa na manyunyu yanamalizia yale yaliyokuwa mazima. Dereva akataka alipwe muda wa kusubiri. Mzee akawa anasimama nyuma yangu kwa kila robota: "Hili nalo lina nini? Hili nalo?" Mengine yalikuwa na shaka, kavu nje, ndani yana unyevu wa mbali, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu ukikataa sana huna chakula wiki ijayo, ukikubali sana una mgonjwa. Mkono wangu wa kulia uliwashwa mpaka kiwiko. Saa saba ikapita. Chakula cha tatu cha Babu kikachelewa, nikamsikia anapiga mlango kwa kwato, ananiita.

Tulichukua 34. Mzee akahesabu noti mara mbili, akaniambia mimi ndiye nitakayefunga biashara yake, akapanda lori. Lori likakwama langoni.

Basi nani alisukuma? Mimi na mwenzangu, pamoja na utingo, tumetandika magunia na matawi ya chai chini ya magurudumu, matope yanaturukia usoni, na mzee ndani anapiga honi kana kwamba sisi ndio tuliomfungia njia. Lilitoka karibu saa tisa. Ugali niliula nimesimama.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Kulikuwa na blanketi. Blanketi la turubai la Babu linavuja kwenye mshono wa bega, na blanketi lililolowa ni baya kuliko mgongo mtupu, kwa hiyo yanakuwa mawili kwa zamu, moja mgongoni, moja juu ya kamba karibu na pipa la moto, nalo halikauki, linatoa mvuke tu. Nilishona ule mshono kwa uzi wa magunia. Kulikuwa na wale watano kuwatoa malishoni, wamejigaragaza wote, farasi wa kijivu amekuwa mwekundu. Kulikuwa na mafundisho ya mtoto wa jirani, nusu saa, nikikimbia kando yake na kamba. Kwenye matope.

Kabla jua halijazama lazima wote wawe ndani, hilo halina uchovu wala Jumapili. Kwenye msimu wa unyevu kuna usubi, wadudu wadogo hata huwasikii, wanauma jioni na alfajiri na kusambaza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Punda milia anaubeba wala haumsumbui. Farasi asiye na chanjo anaweza kutoka malishoni mzima akafa baada ya siku chache, povu puani. Wetu wamechanjwa, lakini sitaki kujaribu bahati na mapafu ya miaka 26.

Babu nikamwingiza wa mwisho kwa sababu anapenda kuwa wa mwisho. Uji wake, maji ya vuguvugu, kidole tena nyuma ya kile kifundo cheupe: pakavu, hapana joto. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo linanguruma vizuri kushoto, nikahamia kulia, linanguruma. Akanikanyaga gambuti wakati anageuka, si kwa ubaya, haoni vizuri jicho la upande ule.

Nilikuwa nimeshavua soksi simu ikalia. Mzee wa nyasi.

"Kijana wangu, nimepata nyingine. Za Naivasha, zimekaa stoo tangu Februari. Kavu kabisa. Nilete kesho?"

"Lete, mzee. Saa ngapi?"

"Saa mbili. Lakini bei ni 350."

"Njoo. Na umwambie utingo asitupe chini hata moja kabla sijaingiza mkono."