Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa baiolojia na alama za vidole za Kidato cha Pili

Saa 12:30 asubuhi. Nakagua mkoba kabla daladala haijafika: penseli za 2B, selotepu, unga wa kakao, brashi laini ya vipodozi na glasi iliyoviringishwa gazeti. Unga wa kipolisi wa kuonyesha alama za vidole sina, kakao inatosha.

Saa 2. Gwaride, matangazo. Pembeni namwita mwanafunzi mmoja aishike glasi kwa dole gumba la kulia, kisha anyamaze.

Saa 4:30. Maabara. Kila mtu anasugua penseli karatasini mpaka pawe peusi, anapaka dole gumba, anabandika selotepu juu yake, anaihamishia kwenye karatasi nyeupe. "Bonyeza, usiburuze!" Wenye jasho mikononi wanapata madoa tu, wanarudia.

Kisha kuainisha michoro ya mistari ya vidole: kitanzi, mzunguko au tao. Kitanzi huingia upande mmoja, kikajikunja na kutokea upande uleule. Kina delta moja, yaani pembetatu ndogo mistari inapokutana. Mzunguko una mbili au zaidi. Tao hupanda na kushukia ng'ambo, na lile la kawaida halina delta. Ubaoni vitanzi vinajaa, kama ilivyo kote: takriban 60 hadi 65 katika kila vidole 100, tao kama 5 tu. Binti mwenye tao anatembea na kidole chake juu.

Nawasimulia mfumo wa Henry wa kupanga alama za vidole, uliopewa jina la bosi wa polisi Edward Henry, ukazaliwa Bengal, India, na kuanza kutumika Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, mwaka 1901. Hesabu zake, zenye makundi 1,024, zilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi wake, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. "Sasa mbona unaitwa wa Henry?" Wanacheka wenyewe kabla sijajibu.

Saa 5:20. Kakao kwenye glasi, brashi taratibu, selotepu. Kitanzi! Washukiwa: zaidi ya nusu ya darasa. Wanalinganisha kadi moja moja, hakuna inayolingana. Huo ndio mtego wangu. Alama ya glasi ni kama mhuri uliogongwa, ila ile ya penseli tunaitazama kupitia mgongo wa selotepu, hivyo kushoto kumekuwa kulia. Zile za penseli tunazihamishia kwenye plastiki angavu ya kujaladia madaftari, tunageuza. Hapo ndipo kazi yenyewe inaanza: mstari huu unakatika wapi, ule unagawanyika wapi. Kwa lenzi, kikundi cha dirishani kinampata "mwizi".

Saa 7. Mpishi wetu naye anataka kujaribu. Selotepu inatoka karibu nyeupe. "Mwalimu, hata kusajili laini mashine ilikikataa, kikakubali cha kati." Miaka ya kusugua masufuria kwa majivu imefifisha mistari ya ngozi.

Saa 9:30. Kila mmoja anaondoka na kadi yake. Mimi sibaki na hata moja. Nenosiri likivuja unabadilisha, kidole hubadilishi. Wiki ijayo ni vidole vyote kumi na hesabu za Henry, na selotepu imekwisha, kwa hiyo kituo kinachofuata ni dukani.