Maji ya mlimani na tangi la mimea: kupandisha ugumu bila kuua samaki

Ushauri mwingi wa akwariamu unaozunguka mtandaoni unamlenga mtu ambaye maji yake ni magumu, yaani yana chokaa na madini mengi, na anatafuta jinsi ya kuyalainisha. Mbeya, Tukuyu, Njombe au Iringa tatizo mara nyingi ni kinyume chake. Maji ya vijito na chemchemi zetu yanapita kwenye mawe ya volkano au matale, na mawe hayo hayatoi chokaa nyingi. Unapata maji matamu ya kunywa, sabuni inatoa povu haraka, lakini mimea ya tangini inanyauka hata ukiwa unaiwekea mbolea kila wiki.

Hilo si la kila mtaa. Ukishuka kuelekea Mbalizi na Songwe unaingia kwenye mawe ya chokaa, yale yale yanayolisha kiwanda cha saruji. Birika likijenga ukoko mweupe ndani ya wiki chache, acha habari ya kuongeza chochote, pima kwanza.

Vipimo ni viwili na havifanyi kazi moja. GH, ugumu wa jumla, ni kalsiamu na magnesiamu, yaani chakula cha mmea na cha gamba la konokono. KH, ugumu wa kaboneti, ni akiba ya bikaboneti inayozuia pH, kipimo cha asidi ya maji, isiporomoke. Digrii moja, kwa vyote viwili, ni sawa na miligramu 17.9 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Tumia kipimo cha matone: mililita 5 za maji, kila tone digrii moja, unahesabu hadi rangi igeuke kabisa. Kwa maji yetu weka mililita 10, kila tone lihesabike nusu digrii, la sivyo hutatofautisha 1 na 2, na hapo ndipo penye hatari yote. Kile kifaa cha kalamu cha kupima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, hakitoshi, kwa sababu kinahesabu hata potasiamu ya mbolea na chumvi ya mezani.

Kwa tangi la mimea ya kawaida lenga GH kati ya 4 na 8, na KH kati ya 2 na 5. Samaki aina ya gapi hupenda GH ya 8 kwenda juu. Samaki wa neoni tetra hutulia kwenye KH ya 1 hadi 3, ila ukibaki kwenye 1 lazima upime kila wiki bila kuruka.

Mmea wenyewe hukuonyesha kinachokosekana. Kalsiamu ikipungua, majani machanga hutoka madogo, yamejikunja, ncha zimepinda. Magnesiamu ikipungua, majani ya zamani hugeuka njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani. Matundu madogo kwenye majani ya zamani ni potasiamu, na majani machanga yaliyopauka bila kupinda ni chuma. Haya mawili ya mwisho hayatibiwi kwa ugumu wa maji.

Sasa dawa. Jasi safi, yaani kalsiamu salfeti yenye maji yake, gramu 3.1 kwa lita 100 hupandisha GH digrii 1. Chumvi ya Epsom, magnesiamu salfeti, gramu 4.4 kwa lita 100 hupandisha GH digrii 1. Baikaboneti ya soda, ile ya kuokea, gramu 3 kwa lita 100 hupandisha KH digrii 1. Jasi na Epsom hazigusi KH, na baikaboneti haigusi GH. Mgawo mzuri wa GH ni digrii tatu za jasi kwa moja ya Epsom.

Kwa ndoo ya lita 20 yenye maji karibu sifuri, ukitaka GH 4 na KH 2, weka jasi gramu 1.8, Epsom gramu 0.9, baikaboneti gramu 1.2. Mizani ya jikoni haioni gramu 0.9, kwa hiyo ama tafuta mizani ndogo ya sonara, ama tengeneza maji ya akiba: Epsom gramu 44 kwenye chupa ya lita moja, baikaboneti gramu 30 kwenye chupa nyingine. Ongeza maji hadi alama ya lita. Kuanzia hapo mililita 1 hupandisha lita 1 ya maji digrii 1, na bomba la sindano la famasi linatosha kupimia. Usitumie maji yanayochemka kwenye baikaboneti, hubadilika kuwa kaboneti na kupandisha pH kupita kiasi. Jasi haiwekwi kwenye chupa ya akiba kwa sababu lita moja huyeyusha gramu mbili na kidogo tu. Ipime kavu, koroga kwenye ndoo, iache usiku kucha. Usiku huo huo klorini ya maji ya bomba nayo inapungua.

Dukani kuna mitego. Jasi ya dari ina viambato vya kugandisha, haifai. Magnesiamu salfeti ya duka la pembejeo inafaa ikiwa lebo inasema MgO asilimia 16 na haijachanganywa na shaba, kwa maana shaba huua konokono na kamba wadogo. Ikisoma asilimia 25 ni kieserite, yenye nguvu zaidi, na gramu 2.9 kwa lita 100 zinatosha digrii moja. Mbolea ya kalsiamu naitreti ya wakulima wa nyanya na parachichi iache kabisa, huja na amonia, sumu kwa samaki, ndani yake. Chokaa ya kupaka ukuta hupeleka pH juu mno na samaki hufa papo hapo. Magadi ya kupikia maharage si baikaboneti tupu, na bekini pauda ina asidi na wanga.

Mawe ya marumaru ya Songwe ni mazuri kwa macho na watu huyapanga tangini kama mapambo. Ni chokaa, na yanaongeza GH na KH polepole kila siku bila wewe kujua. Jiwe lolote ulilookota litilie siki kali. Likitoa mapovu, ujue ni chokaa. Kwa mwenye kufuga samaki wa Ziwa Nyasa waliotoka Kyela au Matema hayo ndiyo mawe ya kutafuta: samaki hao wanataka KH ya 6 hadi 8, na mmea wa valisneria unaizoea, kwa kuwa unaweza kuchukua kaboni kwenye bikaboneti. Vipande vichache kwenye chujio ni bora kuliko baikaboneti nyingi, ambayo huongeza sodiamu miligramu 8 kwa lita kwa kila digrii.

Yote haya hufanyika kwenye ndoo. Ukimwaga unga tangini, samaki anapata mshtuko na wewe hujui umeweka kiasi gani. Tangi lenye GH 1, ukibadilisha robo ya maji kila wiki kwa ndoo yenye GH 5, litafika 2, kisha 2.75, 3.3, 3.7. Mwendo huo unatosha. Hesabu maji yaliyomo kweli: urefu mara upana mara kimo cha maji juu ya mchanga, gawa kwa 1000. Sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. Kiangazi maji yakipungua kwa mvuke, madini hubaki, hivyo jazia maji laini matupu, mfano ya mvua kutoka simtanki.

KH ikiisha, bakteria wa chujio wanaoondoa amonia, ambao huila KH wakifanya kazi, hulegea. pH ikishuka chini ya 6 amonia hujikusanya ikiwa katika hali isiyoua haraka. Ukikimbilia kumwaga baikaboneti, pH hupanda, na amonia ile hugeuka sumu papo hapo. Badilisha kwanza maji robo kwa maji ya KH ile ile, rudia kesho yake, pima amonia, na ikishakwisha ndipo upandishe KH, digrii moja kwa siku.