Umewahi kufika Kigoma?

Kitinda mimba wetu, yule aliyehamia Dar baada ya Ramadhani, kanitumia voisi juzi usiku: dada, wewe si umetoka Masaki juzi juzi, ulikula wapi, nataka kumtoa mtu Jumamosi na sitaki kuaibika. Mtu mwenyewe mnamjua, ni yule wa picha za Iddi. Nikamjibu subiri ntakuandikia. Basi nimekaa kuandika mara tatu na kila nikifika pale pa kutaja sehemu niliyokula mkono unasimama, kwa hiyo acha niandike huku kwanza, labda kitatoka.

Wiki yenyewe ilikuwa nzito, wifi kajifungua salama mtoto wa kiume, kazini ile barua tuliyoisubiri tangu mwaka jana imetoka, Baba Watoto naye kapata ule mzigo wa saruji aliokuwa anaufukuzia, yote alhamdulillah, ila akili yangu bado imekaa kwenye meza moja ya Masaki na kijana mmoja mhudumu mwenye shati jeusi.

Ilikuwa Dar, kwenye ile semina ya kazini ya mfumo niliyowaambia. Siku ya kwanza tu, hata hatujatambulishana, jioni wadada wanne niliokaa nao wakasema twende tukale Masaki, mwenzao mmoja ni mwenyeji anapajua. Asubuhi wakati wa kujiandikisha mmoja aliniuliza natokea wapi nikamwambia kanda ya magharibi. Sijui kwa nini nilisema hivyo, mdomo ulijisemea wenyewe. Tukachukua bajaji mbili tukapita Haile Selassie, miti mikubwa, mageti, bendera za balozi, tukashukia sehemu nzuri kwa kweli, taa za kuning'inia kwenye mikeka, upepo, muziki wa chini chini. Menyu ya karatasi ngumu. Nikafungua, ukurasa wa kwanza kabisa, juu, nikakuta Dagaa wa Kigoma, 22,000.

Moyo ulinipiga kama nimekuta jina la mama limeandikwa pale. Kwa sababu ni dagaa walionisomesha jamani, wanaonisoma tangu zamani wanajua. Meza ya mama soko la Mwanga hapa Kigoma, sado yake ya bati iliyopinda mdomo, alfajiri anashuka Kibirizi kuwasubiri wavuvi wanaorudi na taa zao, anarudi na ndoo kichwani maji ya samaki yanamchuruzika shingoni. Mbalamwezi ikiwa kali hakuna uvuvi, dagaa hawafuati taa, basi nyumbani tulijua tarehe za mwezi kuliko shekhe, tulijua wiki hii ada italipwa na wiki ile tutaitwa mstarini. Na ule mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, mama aliendelea kwenda sokoni kila siku na meza haina kitu, anasema akikaa nyumbani miguu inavimba.

Kwa hiyo nikaagiza. Wenzangu wakaagiza pweza na vitu vya nazi. Tukisubiri, yule mwenyeji akaona nilichoagiza akasema aa Kigoma, si ndo huko ukikosea njia unatokea Burundi, wakacheka, mwingine akasema mie huko siendi wanaroga, wakacheka tena. Na mimi nikatabasamu. Hilo nalo nimelibeba.

Sahani ikaja. Dagaa kwenye kikarai kidogo juu ya jani la mgomba, ndimu pembeni, kitunguu kimekatwa vizuri. Nikaangalia tu nikajua. Dagaa wetu ni mrefu, ana mnofu, ukimkaanga vizuri anakuwa wa dhahabu anavunjika kwa meno ka! na hana uchungu hata ukimla na tumbo lake. Wale walikuwa wadogo wadogo, weusi tumboni, wamejikunja, nikatia mmoja mdomoni ukaja ule uchungu kwa nyuma ya ulimi. Dagaa wa Mwanza. Sina neno na dagaa wa Mwanza, wana watu wao na wana mapishi yao, ukiwatia karanga ni watamu, lakini ni samaki mwingine kabisa, hata ukoo mmoja hawana, wa kwetu ni ndugu wa sadini wa baharini. Huwezi kuchukua mtoto wa jirani ukamwita jina la wa kwako.

Kijana akapita nikamwita taratibu. Naandika kama ilivyokuwa, sipunguzi.

Nikamwambia, "Kaka samahani, hawa dagaa mmewatoa wapi?"

"Kigoma, dada."

"Hawa siyo wa Kigoma."

Akainama kidogo, akaweka ile trei kifuani, sauti akaishusha. "Dada, kwani umewahi kufika Kigoma?"

Meza nzima ikanyamaza. Wadada wote wanne wananiangalia, uma umesimama hewani.

Nikasema, "Hapana."

Halafu nikaongeza, na hii ndo inaniuma zaidi kwa sababu hakuna aliyeniuliza, "nasikia tu wanakuwaga wakubwa."

Akasema, "Ukijaliwa ufike dada, ni kuzuri," akaondoka. Na mimi nikala wale dagaa wote. Nikalipa 22,000 nikasema asante.

Neno lenyewe ni moja. Hapana. Nimelisema maelfu ya mara maishani, kwa watoto, kwa wauza vitenge, kwa mabosi, na halijawahi kunikaa kooni hivi. Nikiosha vyombo nalisikia. Jumatano nipo kwenye mwendo wa bodaboda naenda kazini, tunapita stesheni, lile jengo la Wajerumani, nalisikia. Nimezaliwa Ujiji. Kitovu changu kimezikwa Ujiji. Nimekaa miaka mingapi hapa mwisho wa reli, kijana ananiuliza umewahi kufika nasema hapana, kama vile nimeulizwa Japani.

Na kesho yake asubuhi ikawa ndo siku ya utambulisho, kila mtu anasimama anasema jina na halmashauri. Ikafika zamu yangu nikasimama nikasema natokea Manispaa ya Kigoma Ujiji. Yule mwenyeji alikuwa kakaa mbele yangu upande wa pili. Alinyanyua macho akaniangalia, hakucheka, hakusema kitu, akarudi kwenye daftari lake akaendelea kuandika. Siku nne zilizobaki alikuwa ananiita dada kwa heshima kubwa na hakukaa tena meza yangu wakati wa chai. Sijui yeye ndo aliona aibu kwa yale ya Burundi au aliniona mimi ni mtu wa ajabu. Nadhani vyote.

Haya sasa, jibu la mdogo wangu, maana ndo nilichokalia kuandika. Mwanangu, hapo nilipokula mimi usimpeleke. Kama ni Jumamosi mpeleke Coco Beach jioni, jua likipungua. Kule Oysterbay upande wa bahari wazi, siyo mbali. Mihogo ya kukaanga inatoka motoni mbele ya macho yenu, wanaipasua wanatia pilipili na kachumbari na ndimu, mishikaki pembeni, madafu, mnakaa kwenye ukingo mnaangalia mawimbi na watoto wa watu wanavyopiga kelele. Nilienda peke yangu siku ya mwisho ya semina, nikanunua muhogo nikala nimesimama, na yule mama aliyenikaangia aliniuliza umeshiba mama, nikataka kulia. Kama anapenda utulivu na una hela kidogo, nendeni Slipway, ile iko upande wa ghuba ya Msasani, jua linazama mbele yenu juu ya mashua, mwagize juisi tu na kitu cha kutafuna, kinachowaleta pale ni lile jua. Zile sehemu za barabara ya Chole na Toure Drive ni nzuri, chakula ni kizuri sina ubishi, ila angalia bei kwenye menyu kabla hujakaa, na uulize kama kodi imo ndani au wataiongeza chini, usije ukaanza kuhesabu noti chini ya meza mtoto wa watu anakuangalia. Na ukikuta wameandika dagaa wa Kigoma uliza umuone kwanza kabla hajakaangwa. Wewe unamjua.

Halafu mwambie huyo binti ukweli wa kwenu mapema. Mwambie akija huku hatumpeleki kwenye meza za vitambaa, tunashuka naye Kibirizi kule zinakoondokea boti za kwenda hifadhi ya Gombe, anakaa kwenye benchi la mbao, analetewa mgebuka wa kukaanga umetoka majini alfajiri ile, ugali wa muhogo mweupe unaovutika, pilipili, na kama ana bahati samaki kuhe wa mchuzi kwenye mawese. Anakula na mkono. Huko ndo ntamwambia akae.

Jana nikaenda kwa mama. Nilipanga nisimwambie. Nikamkuta uani kakaa kwenye mkeka anachambua, anatenga waliokaushwa kwenye chanja na waliokaushwa chini kwenye mchanga, maana bei haifanani, wa mchanga ukiwaosha mara tano bado utasaga kitu kwenye jino. Nikakaa nikaanza kumsaidia. Vidole vikazoea wenyewe, kichwa huku, mzima kule. Basi nikajikuta nimemwambia yote, mpaka ile hapana.

Hakunyanyua kichwa. Akauliza, "Sahani shilingi ngapi?"

"Elfu ishirini na mbili."

"Walikuwa wangapi?"

Nilikuwa nimewahesabu kweli. "Thelathini na moja."

Akacheka! Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani, akawa anachukua dagaa mmoja mmoja ananiwekea kiganjani, mia saba, mia saba, mia saba. Nikacheka na mimi, mara ya kwanza tangu nirudi. Halafu akanyamaza, akajifunga kanga, akasema kitu ambacho miaka yangu yote sijawahi kukisikia.

Akasema, "Mimi nilikuwa nasema natoka Tabora."

Miaka ya tisini, anasema, wakati wakimbizi wamejaa mkoa mzima, yeye akipanda treni na magunia yake kupeleka Kariakoo, njiani wakaguzi wakipita mabehewani ukisema Kigoma wanakutoa pembeni, babu yako nani, chifu wako nani, imba wimbo wa taifa, na magunia yanabaki hayana mtu. Basi akajifunza. Tabora si ndo reli ya kwetu inakutana na ya Mwanza, watu wanapanda wengi, wanachanganyika. Akiulizwa anasema nimepandia Tabora, mimi Mnyamwezi. "Na harufu ya dagaa inatoka hapa mpaka injini," anasema, "wananiangalia, wananiacha."

Nikamuuliza, "Ulikuwa unajisikiaje, mama?"

Akasema, "Nilikuwa na magunia sita, mwanangu."

Nimelala nayo hiyo. Yeye alikuwa na magunia sita na sisi wanne nyumbani tunasubiri, mimi nilikuwa na nini? Wadada wanne ambao hata namba zao sina. Siwezi kujifariji kwamba tumefanya kitu kimoja. Lakini kuna kitu kimelegea kifuani tangu jana, sijui ni kwa sababu amecheka au ni kwa sababu ameniambia.

Nilipokuwa naaga akaniuliza, "Huyo kijana, wa wapi?"

"Sikumuuliza."

"Alishusha sauti, umesema."

"Ndiyo."

Akaendelea kuchambua. "Ungemuuliza."

Na sasa ndo nairudia upya kabisa, ile trei kifuani, alivyoinama, ile sauti ya chini. Nilidhani ananisuta. Kama angekuwa ananisuta si angesema kwa sauti? Labda aliwajua wale dagaa vizuri kuliko mimi. Nikipata safari nyingine ya Dar ntapita pale hata kwa soda tu, kama bado yupo ntamwamkia halafu ntamwambia kwetu Ujiji, tuone atasema nini.

Mdogo wangu akisoma hapa ndo jibu lake hilo, Coco Beach.

Mvua imeanza kugonga bati ninavyoandika, na ule mwembe wa uani umezidi kulalia ukuta wa jirani, jana nimeona mzizi mmoja umenyanyua udongo kama mkono wa mtu. Fundi wa msumeno alisema anakuja Alhamisi na leo ni Jumapili, simu yake haipatikani, na watoto wanalala chumba cha upande ule.