Nilivyoivunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kuwa ni tasa, na alikuwa na sababu: vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 kwa mtindo huo huo vinatoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba hii inayofuata inagawanyika. Kigawo chenyewe sikukijua, na sikutaka kuambiwa. Nilitaka kukipata kwa mkono wangu.

Nilianza vibaya: gawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo sana, na chini ya hapo zipo namba tasa 6,542. Nilipofika 97 niliweka kalamu chini.

Kilichonikwamua ni mabaki. Chukua namba tasa p inayoigawa namba yetu, kisha uandike mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea ukigawa kwa p. Ukifika kipeo cha 32 baki ni p−1, yaani sawa na −1, kwa hiyo kipeo cha 64 kinarudisha 1 na safari inaanza upya. Mzunguko huo ni wa hatua 64 kamili; ungekuwa mfupi zaidi, 1 ingetokea tayari kwenye 32. Sasa, Fermat huyo huyo mwaka 1640 alieleza kuwa kipeo cha p−1 lazima kibakize 1. Basi p−1 inagawanyika kwa 64! Chombo cha kuipima imani yake alikuwa nacho mwenyewe, na jambo hilo bado linanigusa.

Namba tasa zinazozidi kigawe cha 64 kwa 1 ni chache; za mwanzo ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya kwanza ilibakiza 109. Kwa 257 sikuhitaji hata kugawa, kwani 2 kwa kipeo cha 8 ni −1 pale, hivyo baki ni 2. 449 ikabakiza 325, 577 ikabakiza 288. Halafu 641: sifuri.

Nilirudia kuzidisha ili nihakikishe, nikapata 43,214,297. Tarakimu nane badala ya kumi. Katika kugawa nilikuwa nimeruka sufuri mbili, nikaandika 67,417 mahali pa 6,700,417. Tangu siku hiyo kila jibu nalizidisha kinyume kabla ya kuliamini.

Baadaye niliona njia ambayo haina mgawanyo mrefu kabisa. 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Kwa mabaki ya 641, 5 × 2⁷ ni −1. Ukiipandisha kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Lakini 5⁴ ni −2⁴. Weka badala yake: −2³² ni 1, yaani 2³² + 1 ni sifuri. Mistari mitatu tu.

Ikabaki 6,700,417. Kigawo chake chochote kina umbo lile lile, na kipeuo chake hakifiki 2,589, hivyo nilijaribu saba tu: 641 tena, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Hii ya mwisho ilibakiza 94. Hakuna iliyoigawa, ni tasa.