Waliosimama

Leo usiku nimefuta picha 212. Zimebaki nne, na kati ya hizo tatu nilizipigia mahali pamoja: kituo cha basi kwenye njia panda, jioni, kuanzia saa kumi na moja jua likiwa ubavuni. Mwaka jana ungenionyesha picha hizi ningesema aliyezipiga hajui kushika kamera.

Mwaka jana nilikuwa mtu wa kasi. Shata, yaani pazia la kamera, inafunguka 1/500 ya sekunde tu, tundu la lenzi f/8 (namba ikikua tundu linakuwa dogo), umbali nimeupanga tangu nyumbani ili nisipoteze muda kutafuta fokasi, ule ukali wa picha. Napita, nanyanyua, nabofya, naondoka. Njia hiyo si mbaya. Ukiwa na lenzi pana, kila kilicho hatua chache mbele yako na kuendelea kinatoka safi bila kuhangaika. Ila nilipokaa kuzipitia picha za miezi yote nikaona kitu kimoja kikijirudia: mguu mmoja hewani, mdomo wazi, jicho linanitazama kwa mashaka. Mji mzima ulikuwa kama umefumaniwa. Nikachoka kufumania watu.

Nikajiwekea sharti: mwezi mzima, hakuna picha ya mtu chini ya sekunde moja.

Kulitamka ni rahisi. Mchana wa jua kali, kwa ISO 100 (kamera ikiwa nzito kuhisi mwanga) na f/16, picha inataka takriban 1/100 ya sekunde. Hiyo ni kanuni ya wakongwe wa kamera za filamu na haijachakaa. Ukiiacha shata wazi sekunde nzima umemwaga mwanga mara mia ya unaotakiwa, na utakachopata ni weupe mtupu. Dawa yake ni filta nyeusi ya kufunika lenzi. Sikuwa nayo, na kabla ya kuinunua nilitaka kujua kama mchezo wenyewe nitaupenda. Nikatafuta kioo cha kuchomelea, kile kinachokaa kwenye ngao ya uso ya fundi, nikakifunga mbele ya lenzi kwa mipira miwili ya kufungia karatasi.

Kioo hicho kinakunywa mwanga bila huruma. Mahali palipotaka 1/400 sasa panataka karibu sekunde 20, na ukichungulia kwenye kamera huoni kitu. Kwa hiyo unapanga picha kwanza, unaweka fokasi kwa mkono, ndipo unafunga kioo. Jioni ya kwanza, nikihangaika na mipira, kidole kiliisukuma pete ya fokasi kidogo tu. Sikugundua mpaka nyumbani. Picha 31, zote ukungu. Jioni ya pili nikaning'iniza begi kwenye stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, ili iwe nzito isitikisike, kama nilivyosikia wajuzi wakishauri. Upepo ukalibembeza begi, begi likaibembeza stendi. Siku hizi nalishusha mpaka ligusane na ardhi, na kamera naiwekea isubiri sekunde mbili baada ya kubofya, maana hata kidole changu kina tetemeko lake.

Rangi nayo ilinishinda. Kioo kinatia kijani cha kidimbwi. Nilijaribu kuirekebisha kwenye programu ya kuhariri mpaka lami ikawa ya zambarau. Nikazigeuza zote kuwa nyeusi na nyeupe, ugomvi ukaisha.

Jioni ya tatu ndipo nilipoona. Watu walikuwa wamejaa, wengine wanavuka, wengine wanakimbilia basi, bega kwa bega. Nikabofya, nikahesabu hadi ishirini, picha ikatokea kwenye skrini: barabara tupu. Nguzo ipo, benchi lipo, kivuli cha paa kipo. Watu hakuna, isipokuwa mwanamke mmoja aliyeegemea nguzo, mzima kabisa, hata mshono wa mkoba wake unaonekana.

Jambo hili ni la zamani kuliko filamu yenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, aliielekeza kamera yake kutoka juu kwenye barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Ilikuwa na pilikapilika, ila bamba lake, lililokaa mahali pa filamu, lilihitaji dakika kadhaa kupata picha, kwa hiyo waliokuwa kwenye mwendo hawakuacha alama. Pembeni mwa njia akabaki mtu mmoja aliyesimama, mguu juu, anang'arishwa kiatu. Hutajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye picha, na jina lake halijulikani. Habari hiyo niliisoma zamani na kuiweka kwenye rafu ya mambo ya kujua tu. Siku ile kituoni iliniingia mwilini.

Nikaanza kuchunguza ni nani hasa husimama. Nilidhani watakuwa wazee na waliochoka. Sivyo. Wanaosimama ni wenye simu. Mtu anaweza kuwa na haraka ya kufa, lakini ujumbe ukiingia anapunguza mwendo, anasimama, anainamisha kichwa, na kwa nusu dakika hatikisiki. Daguerre angetamani watu wa namna hiyo! Jioni ikizidi, mwanga wa skrini unawapaka kidevuni, na katika sekunde 20 mwanga huo mdogo unajikusanya mpaka uso unawaka. Picha moja kati ya nne nilizobakiza ni hiyo: watu watano wenye nyuso zinazowaka, na katikati yao moshi wa wapitao.

Majaribio mengine nitayataja haraka kwa sababu yalistahili haraka. Kumfuata mwendesha baiskeli kwa kamera, shata 1/15, unageuza kiuno pamoja naye na huachi kugeuza hata baada ya kubofya: nilipiga 80, ikatoka moja. (Hiyo ndiyo picha ya nne, kwa sharti langu ni haramu, najua.) Kurundika picha mbili katika moja kulinifundisha kitu kimoja cha maana: picha ya pili hukaa pale ambapo ya kwanza ni giza. Ukimpiga mtu awe kivuli cheusi mbele ya mbingu nyeupe, kisha ukapiga ukuta wenye nyufa, nyufa zinaingia ndani ya mwili wake tu. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaona kila mtu niliyempiga amekuwa ukuta.

Nirudi kituoni. Jumamosi iliyopita mzee mmoja aliyekuwa akitembea huku na huko mbele yangu alisimama akaniuliza napiga nini, maana ameniona muda mrefu na sigeuzi kamera. Nikamwonyesha skrini.

"Mbona mimi simo?"

"Ulikuwa unatembea, mzee."

Akaiangalia tena. Sijui kama alikasirika. "Nimepita hapa mara tano," akasema, "na huyu anayeangalia simu yumo?"

Nikamweleza habari ya sekunde 20. Akasikiliza mpaka mwisho, akaenda mwenyewe akasimama karibu na benchi, mikono nyuma, akaniambia nimhesabie kwa sauti. Nikahesabu. Kwenye tisa basi likapiga honi, akageuka kuliangalia, akarudi. Kwenye kumi na nne akauliza bado ngapi. Watu wawili nao wakasimama kutuangalia, kwa hiyo wao pia wamo, wametulia kuliko yeye.

Uso wake umetoka kama maji yaliyokorogwa: una pua mbili, au hauna hata moja. Viatu ndivyo vimetoka. Nimezipitia picha zote tena na nimeona ndivyo ilivyo kwa wengi waliosimama: kichwa kinacheza, mabega yanapumua, lakini viatu vimekaa chini na havina pa kwenda. Vyake ni vyeusi, cha kushoto kamba imekatika na kuungwa fundo, na ncha zimeng'arishwa siku hiyohiyo.

Nilipomwonyesha alicheka, akasema hicho si yeye, kisha akaomba nimletee nakala ya karatasi. Nimeichapisha leo kabla ya kuanza kufuta. Jumamosi nitakwenda nayo saa kumi na moja. Kioo cha kijani nitakibeba pia, maana aliniambia safari hii hatageuka hata basi likipiga honi.