Kiti chenye D.C.

Nyumbani kwa marehemu baba kuna kiti cha mninga, kizito kama jiwe la kusagia, mgongoni kimeandikwa kwa rangi nyeupe: D.C. Utotoni niliwatambia wenzangu kwamba tuna kiti cha mkuu wa wilaya, District Commissioner. Siku moja baba akanisikia. "Huyo hajawahi kukikalia hata siku moja. Hicho ni cha halmashauri, District Council."

Baba alikuwa karani wa halmashauri ya wilaya miaka ya 1960. Waliomtangulia kazini walikuwa makarani wa machifu, maana Waingereza walianzisha Mamlaka za Wenyeji Tanganyika mwaka 1926: chifu anakusanya kodi, chifu anaamua kesi. Sheria ya 1953 ikafungua mlango wa halmashauri zenye wajumbe wa kuchaguliwa, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa. Wazee wengine, alisema baba, waliendelea kuja ofisini kumuulizia chifu.

Halafu hela zikakauka. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ilifutwa. Wananchi walishangilia, lakini ndiyo iliyokuwa ikilipa mishahara ya akina baba. Mwaka 1972 ukaja mpango wa serikali ulioitwa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Baba alipewa kazi ya kuhesabu samani. Hicho kiti kilikuwa kimevunjika mguu, kikauzwa kwenye mnada wa vitu chakavu, akakinunua. Kwa zaidi ya miaka kumi nchi haikuwa na halmashauri za wilaya. Sheria ya kuzirudisha ilipitishwa 1982, kazi ikaanza 1984. Baba alishahamishiwa ofisi ya mkoa, hakurudi.

Mimi nimehudhuria Baraza la Madiwani mara tatu, benchi la nyuma, nikisikiliza. Kila kata ina diwani wake. Kuna madiwani wanawake wa viti maalum, wasiopungua theluthi ya madiwani wa kata na wabunge wa majimbo wakijumlishwa. Wabunge nao ni wajumbe (wakifika, lakini tuyaache hayo). Mwenyekiti huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Pembeni yake anakaa mkurugenzi, ambaye ni katibu wa baraza na hana kura. Huyo anateuliwa na Rais. Kwangu mimi fundo lote liko pale: aliyechaguliwa ameshika rungu, aliyeteuliwa ameshika hundi.

Mkuu wa wilaya je? Anaalikwa, anapewa nafasi ya kusalimia. Si mjumbe.

Mwezi uliopita mpwa wangu alipata ajira ya ualimu. Kwenye orodha, mbele ya jina lake: Kongwa DC. "Mjomba, sasa naripoti kwa mkuu wa wilaya?"

Nikamwambia ageuke, asome mgongo wa kiti alichokalia.