Panya wa kuku: kumbukumbu ya chakula cha Bizari

Bizari ni paka dume wa rangi ya manjano iliyokolea, aliyetoka mitaa ya soko la samaki hapa Amu, mji wa Lamu, akaamua mwenyewe kuwa nyumba yetu ndiyo yake. Meno ya maziwa yalikuwa yameshatoka yote na macho yameanza kuacha ubuluu, nikamkadiria wiki nane. Mizani ya jikoni ilisoma gramu 610. Paka wa umri huo hukaribia gramu 800, kwa hiyo alikuwa amekonda hata ukimlinganisha na paka wetu wa Amu, ambao asili yao ni miguu mirefu na kiwiliwili chembamba.

Chakula alichokizoea ni wali uliomwagiwa mchuzi wa samaki. Chakula kikavu cha paka huvushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara. Wiki hii kipo dukani, wiki ijayo hakipo. Nikaazimia kumlisha nyama mbichi, lakini kwa mizani na mpango, si makombo.

"Nyama ya kuku? Kwani samaki wamekwisha baharini?" Ndivyo alivyouliza bibi, na mtaa mzima umerudia swali hilo hilo. Basi nianze na samaki.

Samaki wengi wa jamii ya dagaa, wakiwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka akiwala kila siku hupoteza hamu ya kula, shingo inalegea kichwa kikainama, na mwisho huja kifafa. Kupika huharibu kimeng'enya hicho. Samaki wa mafuta mengi nao, wakizidi bila vitamini E ya kutosha, huwasha mafuta ya mwilini mwa paka yakawa na uvimbe na maumivu. Bizari anapata kipande cha changu kilichochemshwa na kutolewa miiba, mara moja kwa wiki, basi. Na paka wa gatini wanaoishi kwa vichwa vya samaki? Wafuate usiku. Wanakula panya, mijusi na mende pia, na panya mzima ana kila kitu ndani yake: nyama, mifupa, moyo, ini, hata macho.

Kwa hiyo kazi yangu ni kumtengeneza panya kwa kutumia kuku. Katika kila kilo moja: gramu 800 za nyama pamoja na moyo na firigisi, gramu 100 za mfupa laini wa shingo au mbavu, gramu 50 za ini, na gramu 50 za figo ya mbuzi. Ini haliongezwi hata likiwa rahisi, kwa sababu vitamini A ikizidi ni sumu. Moyo haukosi kwa sababu ya taurini, kirutubisho cha nyama ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza cha kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa upungufu wake unatanua na kudhoofisha moyo wa paka. Upungufu huo hupofusha pia. Taurini huyeyukia majini, na ndiyo maana ukichemsha nyama ukamwaga supu, umemwaga sehemu nzuri.

Mifupa nayo si pambo. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na paka anayekua akilishwa steki peke yake mwili hunyonya kalisi kutoka mifupani mwake mpaka mguu uvunjike kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Nikikosa shingo natumia ganda la yai lililokaushwa na kusagwa likawa unga, kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya nyama isiyo na mfupa. Mfupa uliopikwa sitoi kabisa. Huvunjika kwa ncha kali.

Mifupa naitwanga kinuni mpaka vidole visihisi kitu kinachochoma. Kinu cha bibi cha viungo hakiguswi. Paka si najisi, alinikumbusha, ila damu ya kuku kwenye kinu chake hapana. Nikanunua kingine kidogo mtaa wa Langoni, na kiafya pia bibi ana haki: salmonela, bakteria wa kuku mbichi anayeumiza tumbo, haifi kwa kugandishwa.

Siku za mwanzo. Wali uleule, juu yake kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa, na katikati nyama mbichi isiyozidi ncha ya kijiko. Alichagua wali. Nilipopasha kibakuli ndani ya maji ya uvuguvugu, kiasi cha joto la mwili, alibadilika akala hadi akalamba sahani. Kumshindisha njaa ili azoee siwezi. Paka mdogo asipokula, sukari ya damu yake hushuka upesi.

Wiki iliyofuata. Wali umeondoka, kuku wa kuchemsha anapungua. Milo minne kwa siku, jumla kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Choo kikawa kikavu, cheupe kama chaki: mfupa umezidi. Nikapunguza shingo, kikarudi kuwa kidogo, cha kahawia na kisicho na harufu kali. Kikiwa laini na cheusi, hapo mtuhumiwa ni ini.

Daktari wa mifugo alimpa dawa ya minyoo na hakuficha kuwa yeye, kama madaktari wengi, hapendekezi chakula kibichi. Hoja zake zina uzito. Mwishoni mwa 2024 huko Oregon, Marekani, paka alikufa baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga chenye virusi vya mafua ya ndege. Hivyo nanunua kuku aliyechinjwa asubuhi kwa mtu ninayejua banda lake, na kukisikika ndege wanakufa popote, Bizari anarudi kwenye vya kupikwa siku hiyohiyo. Sahani haikai chini zaidi ya nusu saa kwenye joto hili. Wifi yangu ni mjamzito: hashiki nyama hiyo wala mchanga wa choo cha paka, kwa ajili ya toksoplasma, vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Leo. Gramu 1,040. Amekuwa akiongeza takriban gramu 100 kwa wiki, manyoya yanang'aa, na mbavu unazihisi kwa mkono ila huzioni. Shida iliyobaki ni umeme. Ukikatika muda mrefu na vikopo vya nyama vikalainika kwenye friza, nyama yote isiyo na mfupa inachemshwa na kuliwa pamoja na supu yake, na iliyotwangwa na mfupa inatupwa. Sasa nagandisha vikopo vya siku tatu tu. Ncha za mabawa zisizotwangwa zitasubiri mpaka meno ya ukubwani yatoke, na figo ya mbuzi inapatikana Alhamisi.